Mtaala wa Sekondari na Kijana Asiyeweza Kusoma

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipozinduliwa nchini Uganda mwaka 2020, walimu wa Kiswahili tulishangilia, kwa kuwa somo letu liliwekwa kati ya masomo 11 ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Shangwe hiyo sitairudia. Nia yangu ni kuuhakiki mtaala huo kwa upande mmoja tu: unamsaidiaje kijana wa miaka 14 ambaye bado anasoma kwa kubahatisha?

Naona haumsaidii. Unamtaka afanye utafiti na miradi, na kazi za shuleni huchangia asilimia 20 ya alama zake za mwisho. Yote hayo yanamdai asome ili ajifunze. Katika orodha ya masomo hakuna kipindi cha kumfundisha kusoma, kwani inadhaniwa alikwisha kujua katika shule ya msingi. Lakini huko, kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, mtoto wa kijijini hufundishwa kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu tu. La nne ni la kuhamia Kiingereza. Aliyechelewa kuzishika herufi hana mlango wa kurudia. Wapo pia waliokosa hata miaka hiyo. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na mtoto aliyekuwa darasa la tatu aliporudi Januari 2022 aliingizwa la nne. Kwa hesabu ya kawaida, zamu yake ya kuingia sekondari ni 2026.

Kosa hili si la Uganda peke yake. Nchini Marekani, sheria ya elimu ya mwaka 2002 ilielekeza fedha za kusoma kwenye madarasa ya chini, mwisho la tatu. Ruzuku za mradi wa Striving Readers, uliowalenga vijana, zilianza kutolewa 2006.

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: hayo si ya walimu wa Kiingereza? La. Kwa wanafunzi wetu wengi Kiswahili huanza kidato cha kwanza, hivyo hili ndilo somo ambalo darasa zima linaweza kuanza na silabi bila mtu kuchekwa. Tena tahajia yetu haina hila. A ni a popote iwapo.

Nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja, nilikuta msichana mwenye daftari safi kuliko yote. Alikuwa amenakili ubao mzima bila kosa. Nilipomwomba anisomee sentensi ya pili, mwandiko wake mwenyewe, alinyamaza, kisha akautazama mdomo wa jirani yake. Daftari lilijaa alama za vema.

Basi tusikilize vizuri. Kijana Mganda akisoma "lafiki" penye "rafiki", huyo anajua kusoma. Luganda huandika r baada ya e na i tu, na matamshi yake yatanyooka polepole. Mwenye shida ni yule anayeona "rafiki" akasema "rahisi": ameziona herufi mbili za mwanzo, zilizobaki amezikisia. Nimeona walimu wakimkaripia wa kwanza na kumpita wa pili, eti ametamka vizuri.

Muhtasari wa Kiswahili utenge sehemu ya muhula wa kwanza kwa kazi hii, na kila mwanafunzi asikilizwe peke yake, hata kwa dakika mbili. Najua madarasa ya watu 80. Wanane kwa siku humalizika kwa siku kumi za masomo. Sisi wa vyuoni pia hatuna pa kujificha. Tunawapa wanachuo sintaksia na nadharia za uhakiki, wanahitimu bila kujua namna ya kumfundisha kijana silabi pasipo kumwaibisha. Na tukitaka kuandika vitabu vya kazi hiyo, tukumbuke kwamba kitabu chenye picha za mbuzi na mpira, kijana wa miaka 15 atakificha chini ya dawati.