Wati 290 za kuanzia

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Mugumu akiwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, mkononi ana karatasi ya vifaa. Alitaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu. Juu kabisa aliandika kadi ya picha, RX 580 iliyotumika, kwa kuwa muuzaji alimwambia anamwachia kwa bei ya kutupa. Nikatafuta pawa saplai kwenye karatasi, sikuiona.

"Mjomba, si inakuja na kesi?"

Inakuja, na ndiyo iliyoamua mengine yote.

Kesi yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex 9020 ya mnara, moja ya deskitopu za ofisini zilizotoka mwaka 2013, ambazo siku hizi zinatufikia kama mtumba. Ndani ina prosesa ya Core i5-4570 yenye viini vinne. Tulifungua ubavu, tukaisoma lebo ya pawa saplai kwa tochi ya simu: wati 290. Nikageuza karatasi yake, nikapiga hesabu nyuma. Prosesa 84. Mazabodi, ramu, diski na feni, tuziwekee 40. RX 580 peke yake 185. Jumla 309. Imepita, na hapo umeme wenyewe bado haujacheza.

Muuzaji alikuwa na jibu: adapta inayochukua umeme kwenye waya wa diski na kuupeleka kwenye kadi. Hapo nilikataa kabisa. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 hivi kwenye volti 12. Ukiidai zaidi ya hapo, plastiki inaanza kunuka kabla gemu halijaganda. Kubadili pawa saplai nako si rahisi, maana mazabodi ya 9020 inatumia plagi ya pini 8 badala ya zile 24 zilizozoeleka. Ingewezekana kwa adapta nyingine tena, lakini sikuona sababu ya kurundika fedha kwenye mashine ambayo Windows 11 haiitambui rasmi, huku Windows 10 ikiwa imeachwa na Microsoft tangu Oktoba 14, 2025.

Tukashuka hadi GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016. Inakula wati 75, na zote inazipata kwenye nafasi ya mazabodi inapochomekwa, bila waya wa ziada. Hesabu ikawa 199. Mpwa alinuna kidogo. Nikamwonyesha kwamba GTA V, gemu lililomtoa Mugumu, lilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2015 lilipendekezewa GTX 660 na ramu ya GB 8. Kununa kukaisha.

Kadi ya kwanza tuliyoletewa ilimfurahisha kwa kosa: ilikuwa na soketi ya bluu ya VGA, na monita yake ni ya VGA. Furaha hiyo ndiyo iliyonishtua. Kizazi hicho cha NVIDIA kiliacha kutoa picha ya VGA, na sokoni zinazunguka kadi kongwe zilizoandikwa upya jina. Tuliichomeka, tukafungua programu ya GPU-Z; mbele ya jina likatokea neno FAKE. Tukairudisha. Ya pili ilikuwa halali, na monita ikanunuliwa kigeuzi.

Angekuwa na fedha mara mbili, ningemwambia aache mtumba, achukue Ryzen 5 5600G, prosesa ya wati 65 yenye picha zake ndani, kadi itafuata baadaye. Sharti moja tu: ramu mbili za GB 8, isiwe moja ya GB 16. Picha hizo huazima ramu ya kompyuta, na kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili 51.2. Ile 1050 Ti, kwa kumbukumbu yake yenyewe, hupitisha 112.

Iliyobaki ni UPS, ambayo kwa mtu wa huku, ngurumo za kutoka ziwani zikianza, ni kifaa cha kompyuta sawa na ramu. Yetu imeandikwa VA 650 kwa herufi kubwa, na wati 360 kwa herufi ndogo. Soma hizo ndogo. UPS za bei ya chini hutoa umeme wa ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai huukataa na kuzima. Kwa hiyo tulianzisha mechi, nikachomoa plagi ukutani. UPS ikalia, mpira ukaendelea.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu kutoka Mugumu. UPS imezima ghafla, na umeme upo. Nikamuuliza nini kingine kimechomekwa pale nyuma. Akanyamaza, kisha nikamsikia akimwita dada yake aje aondoe pasi.