Jina la Mtunzi na Kibao cha Kumbukumbu: Mfano wa "Jambo Bwana"

Ukumbusho mashuhuri mjini Malindi ni nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga huko mwaka 1498. Nguzo hiyo yamwadhimisha mgeni. Rubani aliyempata Malindi, akamvusha hadi India, hana nguzo. Wanaopendekeza wanamuziki wa pwani wawekewe vibao vya kumbukumbu hawana budi kuuzingatia mfano huu, kwani suala la msingi si jiwe bali matini: liandikwe jina la nani?

Uchukuliwe wimbo "Jambo Bwana", unaowapokea watalii katika hoteli za Malindi na Watamu. Wengi hudhani ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Sivyo. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, ukatolewa katika santuri mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M lilitoa toleo lake huko Ujerumani, na bendi nyingine zikaurekodi, hata jina la mtunzi likafifia.

Wahakiki wamezoea kuihesabu hali ya kutojulikana kwa mtunzi kuwa sifa ya fasihi simulizi. Wimbo huu wadhihirisha kwamba hali hiyo huweza kuzuka katika muda mfupi, hata pale ambapo mtunzi anajulikana. Chanzo kimojawapo kimo katika fani yake: lugha ya maamkizi ya kila siku na kiitikio chepesi, ambacho msikilizaji hukidaka mara moja na mpiga gitaa hukibadili apendavyo. Wepesi huo ndio ufundi wake. Na ndio uliomfunika mtunzi.

Taarabu ya mwambao huo huo ina mfano wa pili. Mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir. Jina la Ahmad Nassir limehifadhiwa na diwani yake, *Malenga wa Mvita* (1971). Sauti ya mwimbaji peke yake isingelihifadhi. Kalanda hakuwa na diwani.

Yaweza kudaiwa kwamba maamkizi ni mali ya jamii nzima, na kwa hiyo wimbo uliojengwa kwa maamkizi hauna mwenyewe. Hoja hii haina mashiko. Vina na mizani pia ni mali ya wote, wala hakuna anayemnyima malenga shairi lake kwa sababu hiyo. Yaweza kudaiwa vilevile kwamba mtunzi hali kibao, anahitaji mrabaha. Ni kweli, lakini mrabaha wenyewe hudaiwa kwa jina.

Kibao basi kimtaje mtunzi kwanza, kisha bendi, kisha mwaka. Na kiwekwe ukumbini, pale wimbo unapoimbwa kila jioni, ili hata anayeuimba ajue ni wa nani.