Nukta za Mnakili

Jirani yangu aliniandikia neno moja kwenye kikaratasi: "Wamenyamaza."

Wakati huo nilikuwa nikiishi Marekani. Jirani huyo, bibi mzee aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alikuwa ameniletea diski ya DVD iliyoanza kuchubuka. Ilikuwa filamu ya makala, kazi ya watayarishaji wadogo, isiyo na ile kufuli ya kidijitali ambayo sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1998 inakataza kuivunja. Alitaka nakala ya akiba kabla mikwaruzo haijaimaliza. Nikaona kazi ndogo hiyo. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaibana ili ienee kwenye diski tupu niliyokuwa nayo, nikaichoma, nikaitazama dakika mbili tatu. Picha safi, sauti safi. Nikampelekea kifua mbele. Jioni ile ile diski ikarudi pamoja na kile kikaratasi.

Waliomo kwenye filamu walikuwa bado wanasema. Mimi niliwasikia vizuri. Kilichotoweka ni manukuu, na sikujua kwamba nimeyatupa kwa sababu sikuwahi kuyafungua.

Manukuu ninayoyasema si zile sabtaito tulizozizoea, ambazo mtu huzichagua kwenye menyu ya diski. Sabtaito za DVD ni michoro ya maneno inayobandikwa juu ya picha. Manukuu ya viziwi ya Marekani ni maandishi yaliyofungwa: yamo, ila hayaonekani mpaka mtazamaji ayafungue kwa rimoti ya televisheni. Hayaishii kwenye mazungumzo. Yatakwambia mlango umebamizwa, mbwa anabweka nje ya picha, na wimbo ukianza yatakuwekea alama ya noti ya muziki. Mara nyingi husogezwa kushoto au kulia ili yakae karibu na yule anayesema. Tena diski nyingi za Marekani, hasa za vipindi vya zamani vya televisheni, zilitoka na manukuu hayo tu, bila sabtaito yoyote ya Kiingereza. Yakipotea hayo, hakuna akiba nyingine.

Jinsi yanavyosafiri ni jambo la kupendeza. Televisheni ya zamani ya Marekani ilichora picha kwa mistari 525, na mistari kadhaa ya juu haikuonekana kwenye kioo. Katika hiyo iliyofichika, mstari wa 21 ulipewa manukuu. Nafasi yake ilikuwa finyu: herufi mbili kwa kila fremu, na fremu zenyewe ni kama 30 kwa sekunde. Sentensi basi haiji kwa mkupuo. Herufi huingia mbili mbili, kama abiria kwenye mlango mwembamba wa daladala, zikajikusanya mahali pasipoonekana, hadi ije amri na mstari mzima uchomoze kwa pamoja. Na kwa kuwa amri moja ikipotea njiani maneno yote huvurugika, kila amri hutumwa mara mbili.

DVD iliingia sokoni Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Diski hizo hubeba picha peke yake, bila ile mistari ya mafichoni, kwa hiyo manukuu yalihitaji makao mapya. Wahandisi wakayatia ndani ya data ya picha yenyewe, kwenye kijisehemu cha ziada mwanzoni mwa kila kundi la fremu, takriban kila nusu sekunde. Deki hukisoma kijisehemu hicho, ikayarudisha maandishi kwenye mstari wa 21, ikayapeleka kwenye televisheni. Programu yangu ya kubana filamu iliichora picha upya kwa data chache zaidi, na kile kijisehemu isichokitambua ikakiacha nje. Haikutoa onyo lolote. Kwake ilikuwa imemaliza kazi, na kwangu pia.

Nilipoanza kusoma habari za manukuu nikazidi kuona haya. Filamu bubu zilikuwa zikisema na viziwi sawasawa na watu wengine, kwa vibao vya maneno katikati ya picha. Baada ya mwaka 1927 filamu zikapata sauti, vibao vikaondolewa, na viziwi wakaachwa mlangoni. Mmoja wao alikuwa Emerson Romero, mzaliwa wa Havana, kiziwi, aliyewahi kuigiza katika filamu bubu kwa jina la Tommy Albert. Mwaka 1947 alichukua nakala za filamu zenye sauti, akazikata na kupachika vibao vya maneno kati ya fremu, nazo zikatazamwa na viziwi wenzake mashuleni na vilabuni. Kazi hiyo basi ilianzia mikononi mwa mtu mwenye mkasi na nakala. Kutoka hapo ilichukua miaka 33 hadi tarehe 16 Machi 1980, vituo vya ABC, NBC na PBS vilipoanza kurusha manukuu yaliyofungwa, na mtazamaji alilazimika kununua kisanduku cha kuyafungulia. Ndipo sheria ya mwaka 1990 ikaamuru kila televisheni yenye kioo cha inchi 13 au zaidi itengenezwe ikiwa na uwezo huo ndani yake, kuanzia Julai 1993. Safari yote hiyo niliifuta mimi jioni moja, kwa kubofya mara moja.

Nikamkumbuka Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchongaji, aliyenakili tenzi kwa mkono wake, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakizikusanya. Alinakili kwa hati za Kiarabu, ambamo ba, ta na tha zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta, moja chini, mbili juu, tatu juu. Anayeujua utenzi kwa moyo hahitaji nukta, angeweza kuusoma hata zingefutwa zote. Nukta huwekewa msomaji wa mbali ambaye mnakili hamjui na pengine hajazaliwa. Kwa hiyo mnakili hupimwa kwa kile ambacho yeye mwenyewe hakihitaji. Mimi nisikiaye naijua filamu kwa masikio, nikainakili kwa masikio, na nukta zote zikabaki chini ya meza.

Nikaanza upya. Kwanza nikaligeuza kasha, na pale nyuma nikaiona nembo niliyoipita mara ya kwanza: kitelevisheni chenye mkia, kama puto la maneno katika katuni. Nikaichezesha diski ya asili kwenye deki ya zamani kwa waya wa njano, kwa sababu waya wa HDMI haubebi manukuu ya mstari wa 21. Nikaandika daftarini nukuu ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, pamoja na dakika zake.

Kisha njia. Iliyo salama kuliko zote ni kunakili diski nzima baiti kwa baiti, bila kuichora upya. Ila diski ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, na ile tupu ya kawaida ni 4.7; ndiyo maana nilibana mara ya kwanza. Anayelazimika kubana na ayatoe manukuu kwanza, kwa programu huria kama CCExtractor, ayahifadhi kwenye faili la pembeni, ndipo ayarudishe. Hapo panahitaji mkono mtulivu. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na manukuu huhesabiwa kwa mwendo wa televisheni. Hesabu hizo zikichanganywa, maneno huteleza, na mtu hucheka kabla ya kuambiwa mzaha. Faili la maandishi matupu nalo hutunza maneno na wakati wake, lakini huweza kusahau yalikaa upande gani wa kioo. Nilipima yote hayo, nikaenda dukani kununua diski tupu ya tabaka mbili, nikanakili baiti kwa baiti.

Iliyobaki ni hatua ambayo sasa siiachi kamwe: nilizima sauti. Nikaitazama filamu nzima, saa moja na nusu, daftari mapajani. Mara ya kwanza nilikagua kwa dakika mbili kwa sababu nilikuwa nakagua kwa ajili yangu. Safari hii niliona mlango ukifunguka kwa maandishi kabla kamera haijaugeukia, na upepo ambao masikio yangu hayakuwahi kuutilia maanani.

Nikampelekea. Siku ya pili alikuja na kikaratasi kirefu kuliko kile cha kwanza. Hakunishukuru kwa manukuu, wala hakuyataja. Alilalamika kwamba msimulizi wa filamu ile anasema mno.