Ukili wa Hajati

Mfunguo Tatu ukielekea kwisha, mahujaji hurudi na mji mzima hujua. Uwanja wa ndege hujaa kanzu na mabuibui, madufu hulia, asumini huvishwa shingoni mwa mtu ambaye, kwa hadithi ya Abu Huraira, akiwa amejizuia na machafu na maasi amerudi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Wiki nzima nyumba yake haikauki wageni. Zamzam hugaiwa kwa vikombe vya kahawa ili kila mtu apate funda lake, tende za Madina hupitishwa kwenye sinia, na wazee huomba waombewe dua kabla ya hujaji huyo kuzama tena katika dunia yake. Wazee wanajua wanachokiharakia. Wageni wakishaisha na masanduku yakishawekwa juu ya kabati, huanza kazi ambayo haina mapokezi.

Nataka kuisifu kazi hiyo, kwa sababu ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, na mafundi wake wanapungua.

Ninayemjua mimi ni bibi mmoja wa mtaani kwetu Wete, msuka mikeka. Watu wamemzoea kwa Hajati hata jina lake la kuzaliwa limeanza kusahaulika. Alihiji mtu mzima, kwa fedha za mikeka na nyongeza ya watoto wake, na tangu arudi sijamsikia akisimulia safari hiyo asipoulizwa. Baada ya Alfajiri utamkuta barazani, beseni la maji ubavuni, chane za ukindu zimelowekwa. Ukindu mkavu ukilazimishwa huvunjika, kwa hivyo haloweki zaidi ya anachoweza kukisuka asubuhi ile. Ncha ya ukili huibana kwa kidole gumba cha mguu, vidole vya mikono vikapishana bila ya macho kuvitazama, na midomo yake haisimami. Ni nyiradi zake. Mtu akipita akatoa salamu, huitikia salamu yote, kisha hurudi pale alipoachia.

Nilimuuliza siku moja desturi hii aliipata wapi. Akaniambia: "Mwanangu, kule Makka baina ya Magharibi na Isha niliwakuta wanawake wa Kituruki na wa Kiindonesia wamekaa, kila mmoja na msahafu wake, hapana anayemsemesha mwenzake. Nikasema, hili nitakwenda nalo." Lakini nyumbani kwake baina ya Magharibi na Isha pana jiko linalofuka na wajukuu wanaogombania taa. Alijaribu, haikukaa. Akaihamishia asubuhi, akaifunganisha na ukindu, na hapo imekaa mpaka leo.

Kuhamisha huko ndiko ninakokuita ufundi. Wengi wetu hurudi tukitaka kuileta Makka yote nyumbani kwa mkupuo: kisimamo cha usiku, juzuu kwa siku, funga za Jumatatu na Alhamisi, kutokosa sala ya jamaa hata moja. Mfunguo Nne tunajikaza, Mfunguo Tano tunalipa viporo, na Mfunguo Sita ukiandama tumerudi kuwa wale wale, na jina la Alhaji juu yake. Hajati alichukua machache akayakata kwa kipimo cha siku yake mwenyewe: nyiradi za asubuhi, rakaa mbili kabla ya adhana ya Alfajiri, na kuacha kazi papo hapo muadhini akianza. Hili la mwisho alilitoa kwa wauza dhahabu wa karibu na Haram, waliokuwa wakiteremsha pazia juu ya mali yao na kwenda kusali. Basi Adhuhuri ikiadhiniwa, hata kama imebaki chane moja kuifunga safu, ukili hulazwa chini. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alisimulia kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Hadithi hii tunaisikia kila Ramadhani. Barazani kwa Hajati unaiona ikisukwa.

Lakini kitu kikubwa alichorudi nacho ni kingine kabisa, na nataka nikae hapo kidogo.

Aliyefika Masjid al-Haram anajua kwamba baada ya karibu kila sala ya faradhi hutangazwa sala ya jeneza. Umati ule wote husimama kuwasalia watu wasiowajua majina wala nchi zao. Takbiri nne, hapana rukuu wala sijda, kisha salamu. Hajati alikuwa hajawahi kuisali, maana kwetu jeneza likitoka nyumbani wanawake hubaki ndani na kilio chao. Kule aliisali mchana na usiku mpaka ikawa sehemu ya pumzi zake. Aliporudi Wete akajiuliza atawafanyia nini maiti wa huku. Akamwendea mwoshaji wa mtaa, bibi aliyemzidi umri, akamwomba ruhusa ya kumshikia ndoo tu.

Alishika ndoo muda mrefu kabla hajaruhusiwa kushika mkono wa maiti. Akafundishwa kuyaponda majani ya mkunazi mpaka yatoe povu, kuanza kuliani na viungo vya udhu kama Mtume alivyowaelekeza kina Ummu Atiyya walipomwosha binti yake, kutia karafuumaiti katika maji ya mwisho, kuhesabu nguo tano za sanda ya mwanamke na kujua ipi inatangulia ipi. Akafundishwa kwamba maiti hageuzwi kwa kuvutwa, bali huinuliwa bega na kiganja kikapitishwa chini ya mgongo, na kwamba kilichoonekana chumbani mle hakitoki. Niliambiwa haya na mama yangu, aliyekuwamo chumbani siku alipooshwa shangazi yetu. Alisema Hajati alikuwa akiyajaribu maji kwa mkono wake kwanza, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Hija ile ya siku chache imezaa hili, na haliwezi kuoneshwa kwenye picha.

Qurani yenyewe haikuwaacha mahujaji waondoke hivi hivi. Katika Suratul Baqara, aya ya 200, waliomaliza ibada zao wanaamrishwa wamkumbuke Mwenyezi Mungu kama walivyokuwa wakiwakumbuka baba zao, au zaidi ya hapo, kwani Waarabu wa kabla ya Uislamu wakimaliza hija walikuwa wakisimama kujifakharisha kwa wazee wao. Aya chache nyuma, ya 197, inakataza machafu, uasi na ubishi ndani ya hija. Hajati aliuchukua ubishi ule akaufungia nje hata baada ya kuvua ihramu: bei ya mkeka huitaja mara moja, na mnunuzi akipandisha sauti yeye huendelea kusuka.

Na ipo hadithi moja katika Sahihi Muslim ambayo siwezi kuipita. Ummu Habiba, mke wa Mtume, alisimulia fadhila ya rakaa 12 za sunna kwa siku, kwamba anayezisali hujengewa nyumba peponi, akaongeza kuwa tangu azisikie hajaziacha. Aliyepokea kwake, Anbasa, akasema hajaziacha tangu alipozisikia kwa Ummu Habiba. Amru bin Aus akasema hivyo hivyo juu ya Anbasa, na Nuuman bin Salim akasema hivyo hivyo juu ya Amru. Watu wanne, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amepokea maneno pamoja na mazoea. Sijui silsila nzuri kuliko hiyo. Mwenye kusimulia alikuwa bado yumo ndani ya jambo analolisimulia.

Pwani yetu nayo iliwahi kuwa na watu wa namna hiyo. Wazee walikwenda Jeddah kwa majahazi na baadaye kwa meli, safari ya wiki na miezi, na waliorudi walirudi na kitu cha kuwagawia wengine. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisoma Makka, kisha akakaa Zanzibar kusomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Ratibu ya Imamu Abdallah al-Haddad, aliyefariki Hadhramaut mwaka 1720, ilikuwa ikisomwa katika misikiti yetu na watoto wakiisikia mpaka wakaihifadhi bila ya kufundishwa. Mtu akirudi hija aliikuta nyumba iliyokwisha kuzoea kumdhukuru Mungu. Kazi yake ilikuwa kuongeza kidogo.

Leo hujaji anarudi kwenye nyumba ambayo televisheni haizimwi kwa adhana. Nimeona simu zikiinuliwa mbele ya Al-Kaaba, mtu amegeuzia mgongo Nyumba aliyoitamani umri wake wote ili uso wake uingie kwenye picha. Nimeona misala ya manyoya kutoka viwanda vya mbali ikiletwa zawadi, ikatandikwa ukumbini kwa pambo, huku msala wa ukindu uliosujudiwa na bibi mpaka rangi ikafifia pahala pa paji ukitupwa kwa sababu umechakaa. Inaniuma, kwa sababu watu hawa si wabaya. Wamelia Arafa kilio cha kweli. Hakuna aliyewakalisha chini akawaonesha namna ya kukiendeleza kilio kile siku ya Jumanne ya kawaida, foleni ya benki, mtoto ana homa.

Kabla ya safari tunazo semina. Mahujaji hufundishwa kufunga ihramu, kuhesabu mizunguko 7 ya tawafu, kuokota vijiwe 49, au 70 kwa atakayechelewa kuondoka Mina. Ni mafunzo mema na nawashukuru masheikh wanaoyatoa. Ila semina ya Mfunguo Nne sijaisikia. Natamani msikiti mmoja tu uwaite waliorudi, usiwaulize waliona nini, uwaulize wameshika nini, na anayeshindwa asaidiwe kukihamisha kama Hajati alivyohamisha chake.

Mwalimu yupo. Vidole vyake bado vina nguvu, na kila asubuhi yupo barazani. Wasichana wanaomfikia siku hizi wanataka mkeka wa rangi wa kutandika kwenye picha za harusi. Wanalipa, wanashukuru, wanaondoka. Yule bibi aliyemfundisha kuosha maiti alikwisha kufariki, na Hajati ndiye aliyemwosha. Tangu hapo, pamoja na mahujaji wote tunaowapokea kwa dufu, hajatokea wa kumshikia ndoo.