Dereva na Kibali: Mkimbizi Asiye na Kinga katika Nathari ya Kipalestina

Utangulizi

Safari ni miongoni mwa nyenzo kongwe za msuko katika fasihi simulizi na andishi. Mhusika huondoka kwao, hukutana na watu asiowajua, hupambana na vikwazo, kisha hurejea akiwa amebadilika. Mikhail Bakhtin, alipochunguza mfungamano wa wakati na mahali katika riwaya, alibainisha kuwa barabara ni mandhari ambamo watu wa matabaka, dini na umri tofauti, ambao kwa kawaida hutenganishwa na mipaka ya kijamii, huweza kukutana kwa sadfa. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kuwa kauli hiyo haina budi kurekebishwa tunapoingia katika nathari ya Wapalestina. Humo barabara huwachuja watu. Mwenye kibali hupita. Asiye nacho hupita kwa hila, au hapiti kamwe.

Tutajikita katika kazi nne: novela mbili za Ghassan Kanafani, yaani Wanaume Juani (Rijal fi al-Shams, 1963) na Anayerejea Haifa (A'id ila Hayfa, 1969), kumbukumbu za Mourid Barghouti, Nilizaliwa Kule, Nilizaliwa Hapa (Wulidtu Hunak, Wulidtu Huna, 2009), na riwaya ya Adania Shibli, Jambo Dogo (Tafsil Thanawi, 2017). Katika kila mojawapo mna gari, na mna mtu aliyeshika usukani. Hoja yetu ni kuwa dereva huyu ndiye mhusika anayefichua kwa uwazi zaidi hali ya mkimbizi asiye na kinga.

Tunatumia maneno "kukosa kinga" kwa makusudi. Neno "unyonge", ambalo wahakiki wetu wamelizoea, huelekea kuashiria sifa iliyomo ndani ya mtu. Kinga, kwa upande mwingine, ni kitu ambacho mtu huwa nacho na akaweza kunyang'anywa. Tofauti hii, kama itakavyobainika, ndiyo inayoamua tunamlaumu nani hadithi inapofikia tamati. Kwa kuwa tumezisoma kazi hizi kupitia tafsiri, hatutagusia mtindo wa lugha. Tutashughulikia msuko, wahusika na mandhari.

Usuli wa Mandhari

Vita vya 1948 viliwang'oa zaidi ya Wapalestina 700,000 kutoka vijiji na miji yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi hao, UNRWA, lilianza kazi Mei 1950, na katika Ukingo wa Magharibi peke yake linatambua kambi 19. Hivyo basi, Israeli ilipoutwaa Ukingo wa Magharibi mwaka 1967, mkimbizi wa 1948 alikuwa tayari yuko pale. Alikuwa amepoteza kwao mara moja. Sasa pahali pa hifadhi pakawa chini ya jeshi lile lile. Mkataba wa Oslo wa 1995 uliigawa ardhi hiyo katika maeneo A, B na C. Eneo C, ambalo ni takriban asilimia 60, lilibaki chini ya udhibiti kamili wa Israeli, na ndimo yalimo makazi ya walowezi.

Mfano wa Wabedui ni bayana. Baadhi ya jamii zao zilifukuzwa kutoka jangwa la Naqab baada ya 1948, zikatua kwenye vilima vya mashariki mwa Ramallah na Yerusalemu. Mei 2023 wakazi wa Ein Samia walibomoa vibanda vyao kwa mikono yao wenyewe na kuhama, baada ya miaka ya mashambulizi ya walowezi na ya kubanwa malisho. Wakazi wa kambi nao hawakusalimika: operesheni ya jeshi iliyoanza Januari 2025 katika kambi za Jenin, Tulkarm na Nur Shams iliwahamisha watu wapatao 40,000. Mkimbizi, kwa hiyo, anaweza kufanywa mkimbizi tena.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa maneno "mlowezi" na "kipande". Yote mawili yaliingia katika msamiati wetu wa siasa kupitia nyanda za juu za Kenya na sheria za kuwasajili vibarua. Hata hivyo, ufanano huo usitufanye tudhani kuwa tumekwisha kuelewa. Kipande kilimfunga Mwafrika kwa mwajiri aliyezihitaji nguvu zake. Kibali tunachokizungumzia hapa mara nyingi humzuia mtu ambaye kuwapo kwake kwenyewe ndiko kunakohesabiwa kuwa tatizo.

Dereva wa Tangi

Wanaume Juani ni kisa cha wakimbizi watatu, Abu Qays, As'ad na Marwan, wanaotaka kufika Kuwait kutafuta kazi. Dereva Abul Khayzuran, Mpalestina mwenzao aliyejeruhiwa na kuhasiwa katika vita vya 1948, anakubali kuwavusha kutoka Basra ndani ya tangi tupu la maji la lori lake. Watajifungia humo kwa dakika chache tu katika kila kituo cha mpakani. Kituo cha kwanza wanakivuka. Katika cha pili makarani wanamchelewesha dereva kwa mzaha kuhusu mchezaji ngoma wa Basra, na jua la Agosti linawaua wasafiri wote watatu. Usiku dereva anaitupa miili yao jalalani, anachukua pesa zao na saa ya Marwan, kisha anapiga kelele akiuliza kwa nini hawakugonga kuta za tangi.

Swali hilo limewashughulisha sana wahakiki. Wengi wamelisoma kama lawama ya mwandishi kwa Wapalestina walionyamaza na kutafuta wokovu wa mtu mmoja mmoja. Hatulikatai fungu hilo la maana, kwani Kanafani alikuwa mwandishi wa mapambano hadi alipouawa Beirut mwaka 1972. Hata hivyo, usomaji huo unasahau anayeuliza. Swali linatoka kinywani mwa dereva. Yeye ndiye aliyechelewa. Yeye ndiye aliyefaidi nauli. Na pumzi ya mwisho ya abiria wake ilikatika wakati yeye anatabasamu mbele ya meza ya karani ili karatasi zake zigongwe muhuri. Kumwachia yeye atoe hukumu ni kumkabidhi mshtakiwa kiti cha hakimu.

Tutazame pia mantiki ya ukimya wenyewe. Kugonga kungemaanisha kugunduliwa, na kugunduliwa kungemaanisha kurudishwa au kufungwa. Watatu hao wananyamaza kwa kuwa sheria ya mpaka imekwisha kuufanya ukimya kuwa sharti la safari. Inafaa kukumbuka kuwa filamu iliyotokana na novela hii, Waliohadaiwa (al-Makhdu'un) ya Tewfik Saleh ya mwaka 1972, ilibadilisha kipeo hiki: humo wanagonga, lakini hakuna anayewasikia. Badiliko hilo tunaliona kama uhakiki ndani ya sanaa yenyewe. Linatuondoa kwenye udhaifu wa waliomo ndani ya tangi na kutuelekeza kwa waliomo nje.

Gari Linalorudi Nyumbani

Katika Anayerejea Haifa anayeendesha ni mkimbizi mwenyewe. Sa'id na mkewe Safiyya, wakazi wa Ramallah, walikimbia Haifa mwaka 1948 na katika zahama hiyo wakamwacha mtoto wao mchanga. Miaka 20 baadaye wanaendesha gari hadi kwenye nyumba yao. Kinaya cha safari hii kimo katika sababu ya kuwezekana kwake: barabara imefunguliwa na ushindi wa adui wa mwaka 1967. Hata uhuru wa kurudi kutazama umetolewa na yule aliyewazuia kurudi kuishi.

Anayewafungulia mlango ni Miriam, mwanamke wa Kiyahudi kutoka Poland ambaye baba yake alifia Auschwitz, na ndiye aliyemlea mtoto wao. Kanafani anampa Miriam jina, historia, huzuni na hata haya. Aliyeikalia nyumba ni mhusika kamili, si kivuli. Jambo hili tutalirejea, kwani katika kazi za baadaye mkaliaji wa namna hii anatoweka.

Teksi Inayoning'inia

Barghouti alikuwa mwanafunzi Cairo vita vya 1967 vilipotokea, akazuiwa kurudi kwao hadi 1996. Kurejea huko alikusimulia katika Niliiona Ramallah (1997), ambamo daraja la Mto Yordani ni kizingiti cha kitabu kizima. Katika kitabu cha 2009 anatuanzishia na dereva wa teksi aitwaye Mahmoud, anayewapeleka abiria kutoka Ramallah kuelekea Yeriko siku ya mvua, katika miaka ya Intifadha ya pili. Njia kuu zimefungwa. Mahmoud anapita vichochoroni na kwenye matope, akiulizana na madereva wenzake kuhusu vizuizi vilivyohamishwa tangu asubuhi. Wanapofika kwenye handaki lililochimbwa kuikata njia, winchi inaliinua gari pamoja na abiria waliomo na kulishusha ng'ambo.

Ulinganisho na Abul Khayzuran unajitokeza wenyewe. Madereva wote wawili wanaijua njia kuliko abiria. Wote wanaishi kwa kukwepa ukaguzi. Lakini Mahmoud yumo ndani ya hatari ile ile pamoja na abiria wake. Winchi ikikatika, watakufa wote. Wakati Abul Khayzuran ana kibali na abiria hawana, hapa hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Mshikamano wa teksi hii unazaliwa na usawa wa kukosa kinga. Aidha, tukio la kuning'inia ni taswira ya fani nzima: usimulizi unasimama hewani, wakati unasita, na umbali ambao ungechukua muda mfupi unameza sura nzima. Kizuizi cha barabarani kimegeuka kuwa kanuni ya utunzi.

Dereva wa Kuazima Jina

Riwaya ya Shibli ina sehemu mbili. Ya kwanza, inayosimuliwa kwa nafsi ya tatu, inahusu ubakaji na mauaji ya msichana wa Kibedui yaliyofanywa na wanajeshi wa Israeli katika Naqab, Agosti 1949. Inatokana na kisa cha kweli. Katika ya pili, mwanamke wa Ramallah wa zama zetu anasimulia kwa nafsi ya kwanza jinsi anavyokwenda kuutafuta ukweli wa msichana huyo. Kitambulisho chake hakimruhusu. Anaazima cha mwenzake kazini, na mwenzake mwingine anamkodishia gari. Ndani ya gari ana ramani kadhaa: za Israeli, zinazoonyesha barabara na makazi yaliyopo, na nyingine ya Palestina kabla ya 1948, iliyojaa majina ya vijiji ambavyo havipo tena.

Hapa mkimbizi hayumo garini. Yumo katika majina yale. Dereva anapolinganisha ramani moja na nyingine, anasoma orodha ya mahali walikotoka watu waliojaa kambini. Uendeshaji wenyewe umekuwa tendo la usomaji, na usomaji ni kosa linaloadhibiwa. Mwishoni anaingia eneo la kijeshi, anaingiza mkono mfukoni kutafuta chingamu, na anapigwa risasi. Jambo dogo la jina la riwaya ni hilo pia: ishara ya kawaida ya mkono, ambayo kwa mwenye kinga haina maana yoyote, kwake inatosha kuwa hukumu ya kifo. Msichana wa 1949 hakupewa sauti. Aliyekwenda kumtafutia sauti ananyamazishwa sentensi ikiwa bado kinywani. Hafla ya kumtuza Shibli tuzo ya LiBeraturpreis katika maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, Oktoba 2023, nayo ilifutwa kutokana na vita vilivyozuka. Kitabu kuhusu njia iliyofungwa kilifungiwa njia.

Mlowezi Asiye na Uso

Tumeona kuwa mwaka 1969 Kanafani aliweza kumweka Miriam sebuleni na kumfanya azungumze. Katika Barghouti na katika sehemu ya pili ya Shibli, mlowezi wa kilimani kwa kiasi kikubwa ni mandhari: nyumba za mawe juu ya vilima, taa za usiku, barabara pana ambayo msimulizi haruhusiwi au anaogopa kuitumia. Mhakiki wa mwelekeo wa kisaikolojia anaweza kulalamika kuwa huu ni usawiri bapa.

Lalamiko hilo lina jibu la kihistoria. Tangu mgawanyo wa Oslo, barabara za walowezi zimeyapita kando miji na vijiji vya Wapalestina, na rangi ya nambari ya gari inatosha kumtambulisha aliyemo. Wawili hao wanatazama bonde moja bila ya kuwa na meza ya kukalia pamoja. Mwandishi mwaminifu hawezi kubuni mazungumzo ambayo mandhari yenyewe imeyafuta.

Lakini jibu hilo halitoshelezi lote. Usiku wa tarehe 26 Februari 2023 mamia ya walowezi waliingia Huwara, karibu na Nablus, wakateketeza nyumba na magari, saa chache baada ya walowezi wawili kuuawa mjini humo. Watu hao walikuwa na nyuso, majirani, imani na sababu walizojipa. Fasihi inayomsawiri mlowezi kama taa za mbali huhatarisha kumfanya awe kama hali ya hewa, na hakuna anayeishtaki mvua ya mawe. Kwa maoni yetu Shibli analihisi tatizo hili. Ndiyo maana katika sehemu yake ya kwanza anamfuata afisa wa 1949 hatua kwa hatua, anavyonawa, anavyojipaka sabuni, anavyotoa amri, bila ya kutufungulia fikra zake. Anampa mwili na ratiba, na kumnyima udhuru. Hii ni njia ya tatu kati ya huruma ya Kanafani na umbali wa Barghouti, na inastahili kufuatwa na waandishi watakaoandika kuhusu vilima vya leo.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa vikwazo vya mwendo, licha ya kuwa dhamira, vimekuwa kanuni ya fani inayotawala wakati, msuko na mahusiano ya wahusika. Aidha umeonyesha mwendo wa kihistoria wa dereva: kutoka kwa anayewafungia wengine, hadi kwa anayerudi kwake kwa ruhusa ya mshindi, hadi kwa anayening'inia na abiria wake, hadi kwa anayeendesha kwa jina la kuazima. Kadiri miaka inavyosonga, umbali wa safari unapungua na gharama yake inapanda.

Wanafunzi wetu wanaposoma kazi hizi huelekea kumaliza kwa kutangaza kuwa mkimbizi ni mnyonge na anastahili huruma. Huruma hiyo ni halali, ila inamwacha mkimbizi ndani ya tangi na kumwacha karani mezani pake. Mhakiki hana budi kuuliza, katika kila safari anayoisoma, ni nani aliyeshika usukani, ni nani aliyetoa kibali, na ni nani aliyekuwa akicheka wakati dakika zinahesabika.