Usasa katika Walenisi

Watahiniwa wengi wanapoisoma Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, hukimbilia chombo kinachompeleka Dzombo angani, wakakitaja kuwa ishara ya maendeleo. Hapo huteleza. Dzombo alitiwa chomboni ili afe. Waliomhukumu hawakukosa mitambo. Wema wa Walenisi umo katika jinsi watu wake wanavyoishi pamoja, na jina lenyewe, ukilitamka polepole, linakwambia: wale ni sisi.

Kabla ya kulijibu swali hili, mimi huwapeleka wanafunzi wangu Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa. Tunaketi barazani, nje ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene, katika kichochoro chenye kivuli. Kisha tunatazama ghorofa jipya la saruji: lango la chuma, feni, baraza hakuna. (Umeme ukikatika, wenyewe hushuka kutafuta baraza la jirani.) Sisemi ukale wote ulikuwa mwema, Mombasa hii ya mabaraza ilikuwa na watumwa hadi 1907. Lakini mtahiniwa anayeniandikia kwamba usasa umeleta maisha bora, na anionyeshe riwayani ni nani aliyenufaika na nani aliyefungiwa nje. Asipoonyesha, simpi alama.