Mwenye ekipe na direkta: mutu moya ao wawili?

Bandugu, hapa Likasi mazungumuzo ya mupira inaisha siku zote na neno moya: "Sisi tunakosa tu Katumbi wetu." Naisikia Buluo, naisikia njiani kutoka Kikula kila US Panda inapopoteza. Mimi nakataa. Si kwamba Katumbi alifanya vibaya, hapana. Tunaisoma historia ya Mazembe nusu-nusu.

Moïse Katumbi ni prezida wa TP Mazembe tangu 1997. Feza yake njo ilileta kombe la Afrika 2009 na 2010, fainali ya dunia na Inter Milan (3-0, tuliumia), kiwanja cha Kamalondo, na kombe tena 2015. Nani atabisha? Lakini 2007 mpaka 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga. Mutu anayeongoza jimbo zima hawezi kukaa biro ya ekipe kila asubui. Kisha Mai 2016 akatoka inchini, akarudi Mai 2019. Na katika miaka ile Mazembe ikabeba Kombe la Shirikisho mara mbili, 2016 na 2017, mwenye ekipe akiwa Ulaya! Kumbe kulikuwa batu Lubumbashi waliojua kazi.

Mutu ataniambia: feza ilikuwa yake, na simu inafika Ulaya. Kweli. Sisemi mwenye feza anyamaze. Achague direkta, amupe bajeti, amuulize hesabu, amufukuze kama anashindwa. Lakini asikalie kiti chake. Nimesoma agronomi: mwenye shamba akichagua mbegu mwenyewe, akapima mbolea mwenyewe, akaandika hesabu mwenyewe, mavuno ikikosa atasema ni mvua. Direkta anafukuzwa, mwenye ekipe hajifukuzi.

Pale Tanzania, sheria inawapa wawekezaji asilimia 49 tu, wanachama 51. Simba walimuweka Barbara Gonzalez kuwa mutendaji mukuu 2020, Mo Dewji akiwa upande wa bodi. Tena mwaka uliofuata wakafika robo fainali ya Afrika. Ni kweli Barbara alitoka katika kazi za Dewji mwenyewe, kwa hiyo uhuru wake tunaweza kuujadili. Lakini alikuwa kijana, na kazi ilikuwa na jina lake: ikiharibika, inajulikana nani wa kuulizwa.

Hapo njo inatugusa sisi wenye lisansi. Ekipe ambamo prezida ni direkta, ni keshia, na ni yeye anayechagua wachezaji, haina nafasi ya mutu aliyesoma uongozi ao hesabu. Siku prezida anachoka, ao anaingia politike, wachezaji wanabaki bila mushahara na hakuna hata karatasi moya ya kuonyesha nani anadai nini.

Mutu mwingine mwenye feza akikuja Kikula kuahidi makubwa, tumupigie mikono. Kisha tumuulize: direkta ni nani?